Uzi: Ozoni yangu yalala kwenye tangi usiku kucha na asubuhi bado ipo. Ni sawa hii?

mja_wa_bamburi (mwenye uzi)
Asalaam aleikum nyote. Naomba msaada wa wanaojua maji. Wenye kejeli pia karibuni, nimeshazoea.

Nina kaduka ka maji hapa Bamburi, upande wa baharini wa barabara kuu. Navuta kwenye kisima changu, napitisha kwa mtambo wa RO (unaochuja chumvi kwa kusukuma maji kwenye utando), najazia watu mitungi ya lita 20. Kisima kina chumvi kama visima vingi vya huku, na juu ya chumvi kilikuwa chanuka mayai viza. RO ilitoa chumvi, lakini harufu ikapita mpaka mtungini. Mama mmoja alinirudishia maji akaniuliza kama nafuga kuku ndani ya tangi.

Nikanunua mashine ya ozoni, ile gesi ya kuua vijidudu na harufu, ya gramu 5 kwa saa. Aliyeniuzia akaifunga kwenye tangi la maji ghafi, kabla ya RO. Harufu ya mayai ikakata siku ileile. Kwa hilo namshukuru.

Kinachonitatiza ni hiki. Nilipewa vidonge vya kupimia: watia kimoja kwenye kichupa, maji yakigeuka pinki basi ozoni ipo. Nazima mashine saa tatu usiku, napima, 0.6. Saa kumi na mbili asubuhi napima tena, 0.4! Wiki iliyopita maji ya bomba yalikuja (naam, yalikuja), nikajaza tangi dogo, nikaliacha wazi siku mbili klorini ipotee, nikapiga ozoni kwa mashine hiyohiyo. Robo saa tu, kichupa hakina rangi hata kidogo.

Muuzaji aniambia nifurahi, ati kisima changu ni kisafi mno ndiyo maana ozoni haina cha kula. Lakini tangi lanuka kama hospitali, na TDS (kipimo cha chumvi zilizoyeyuka) ya maji yanayotoka kwenye RO imepanda kutoka 90 hadi 260 kwa wiki tisa. Membreni, yaani zile tando za RO, zilikuwa mpya. Nifurahi kweli?

chizi_wa_likoni
Ozoni kulala! Huku kwetu hata feri hailali.

mtu_wa_mashine
Sioni tatizo. Ozoni ikibaki kwenye maji ndiyo usalama wenyewe, vijidudu havina nafasi. Wengine huitafuta hiyo 0.4 hawaipati.

fundi_bwawa
Mimi ni fundi wa pool kwenye hoteli moja Nyali, mwaka wa kumi na moja huu. Ami, hivyo vidonge kwa maelezo yako ni DPD, vilevile tunavyopimia klorini kila asubuhi. DPD haiulizi mtu jina. Klorini ikija, pinki. Bromini ikija, pinki. Ozoni ikija, pinki. Ni kama askari wa getini anayepiga saluti kila gari lenye vioo vyeusi, hajui ndani kuna waziri au kuna mbuzi.

Ila kilichonishtua ni hiyo harufu ya hospitali. Tuna jakuzi moja twaitia bromini badala ya klorini, harufu yake ndiyo hiyo. Wewe bromini umeitia lini?

mja_wa_bamburi
Sijatia. Hata yauzwa wapi sijui.

BintiKibokoni
Hukuitia wewe, imeitia bahari.

Nendeni nami polepole, nafundisha kemia na maradhi yangu ni kueleza kupita kiasi. Maji ya bahari yana kloridi kama miligramu 19,000 kwa lita, na ndani ya chumvi hiyo mna bromidi kama miligramu 65. Bahari ikipenya kwenye mwamba wa matumbawe mpaka kisimani, hivi viwili huja vikiandamana, na uwiano wao haubadiliki sana. Kwa hiyo ukijua kloridi ya kisima cha pwani, igawanye kwa 290, umepata bromidi kwa kukisia.

Bromidi yenyewe haina makuu, huioni wala huisikii kwenye ulimi. Lakini ozoni ikikutana nayo huipa chembe moja ya oksijeni, na bromidi yageuka kuwa bromini ya majini, ile ya jakuzi la fundi. Hiyo ndiyo yalala kwenye tangi lako. Ozoni ilishakufa zamani, unachopima asubuhi ni mrithi wake.

mtu_wa_mashine
Dada kwa heshima, hapo umekwenda mbali. Nusu ya ozoni huisha kwa dakika 20, imeandikwa kwenye kitabu cha mashine. Ikianza juu, kitu hubaki.

BintiKibokoni
Ndugu yangu, kitabu hicho kilikuambia ni maji ya wapi? Maana hiyo 20 si tabia ya ozoni, ni tabia ya maji fulani ambayo mtu fulani aliyapima. Maji ya mto yenye rangi ya majani yaliyooza humaliza nusu ya ozoni kabla hujafunga koki. Maji baridi ya ziwa safi yaweza kukaa nayo saa nzima. Na hata tukiichukua hiyo 20 yako: kutoka saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa tisa, yaani kugawanya kwa mbili mara 27. Anza na 0.6, gawanya mara 27, uniambie kama kidonge chochote duniani kitaona kilichobaki.

Waliolifumbua fumbo hili vizuri ni watu wa Uswisi, Jürg Hoigné na Johannes Staehelin, kwenye taasisi ya maji ya Dübendorf, miaka ya 1980. Waliona ozoni ndani ya maji hufa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza hufanya kazi yenyewe, na hapo huchagua sana. Gesi ya mayai viza yaipenda mno, chuma kilichoyeyuka yakipenda, bromidi yaipenda kiasi. Vitu vingine vingi yapita kando yao kama haivioni.

Njia ya pili huvunjika. Ozoni ni oksijeni watatu waliobebana kwenye bodaboda moja, safari haiwezi kuwa ndefu. Haidroksidi ya majini (oksijeni na haidrojeni walioshikana, huzidi maji yanapopungua tindikali) ikiigusa, wa kwanza aanguka, na katika zile vurugu huzaliwa kitu kiitwacho radikali ya haidroksili. Hiyo haichagui. Hupiga chochote kilicho karibu na huisha chini ya sekunde, ila mara nyingi kile ilichokipiga nacho chageuka kuvamia ozoni nyingine, na hiyo yazaa haidroksili nyingine. Ugomvi wajizalisha wenyewe.

Sasa hapa ndipo pananifurahisha kila nikifundisha. Wengi hudhani pH, kile kipimo cha tindikali, ndiyo kila kitu. Piga hesabu ya lile pigo la kwanza la haidroksidi peke yake: kwenye pH 7 nusu ya ozoni ingechukua kama saa 27 kuondoka. Kwenye pH 8, chini ya saa tatu. Lakini kwenye maji ya kweli huondoka kwa dakika! Tofauti hiyo yote yatokana na mabaki ya majani na udongo yaliyoyeyuka, ambayo huanzisha ugomvi na kuuchochea. Ndiyo maana maji mawili yenye pH moja yaweza kuwa mbingu na ardhi.

Na kuna wasuluhishi. Bikaboneti na kaboneti, yaani chokaa iliyoyeyuka, hukamata haidroksili na kutoa kitu kipole ambacho hakiifukuzi ozoni kwa nguvu. Kama wazee wa mtaa: hawapigi mtu, lakini wakifika vita vyaisha. Kaboneti yafanya kazi hiyo karibu mara 46 zaidi ya bikaboneti, lakini kwa pH za visima vyetu bikaboneti ndiyo nyingi.

Kwa hiyo ami, muuzaji wako hakusema uongo mtupu. Kisima cha matumbawe kina chokaa tele na uchafu wa majani kidogo, na maji kama hayo kweli huilinda ozoni. Angekuwa ameuza mashine hiyo bara, mbali na bahari, huenda angekuwa sahihi. Lakini hapa Bamburi kuna bromidi.

mja_wa_bamburi
Mwalimu nimesoma mara tatu. Ile bodaboda nimeielewa. Nitaaminije lakini kwamba pinki yangu ni bromini na si ozoni? Yule jamaa atakuja Jumamosi nami nataka kumwonyesha kitu kwa macho.

BintiKibokoni
Rahisi, na hutalipa hata shilingi. Chukua mitungi mitatu ya kioo. Wa kwanza tia maji ya RO matupu. Wa pili tia maji ya RO sehemu 19 na maji ya bahari sehemu moja, nenda ufukweni na kikombe. Wa tatu maji ya kisima. Yote yapigie ozoni dakika sawa, weka kivulini maana jua huiharibu bromini, usitie mkono wala kijiko kichafu. Pima baada ya saa moja, halafu asubuhi.

Na fanyia nje! Ozoni ni nzito kuliko hewa, hulala chini chumbani. Pua huishika mapema sana, halafu huizoea na kunyamaza, ukadhani imeondoka.

mja_wa_bamburi
Kijana wangu wa dukani amekuwa akikohoa tangu mwezi uliopita. Tangi liko ndani ya stoo.

mzee_wa_tudor
Mwanangu, zima hiyo mashine leo. Kabla ya mitungi, kabla ya majaribio. Fungua stoo ipate upepo. Mahali pa kazi kiwango cha ozoni hewani ni sehemu 0.1 kwa milioni, na wengi huisikia harufu hata kabla haijafika hapo. Nilifanya kazi za maji miaka 30, gesi zote za mitambo ya maji ni adui wa mapafu, hii na klorini.

mja_wa_bamburi
Nimezima babu. Majaribio nitafanyia uani.

chizi_wa_likoni
Swali la dharura. Naweza kuoshea mchicha kwa hiyo mashine?

fundi_bwawa
Osha kwa maji, chizi.

mja_wa_bamburi
Haya, matokeo. Usiku saa mbili nilipiga ozoni dakika kumi kila mtungi, uani, upepo wa bahari ukivuma.

Mtungi wa RO matupu: mara tu baada ya kuzima ulikuwa pinki kali. Baada ya saa moja ulibaki na rangi hafifu. Asubuhi, hakuna kitu, maji meupe pe.

Mtungi wa maji ya bahari: pinki saa hiyo, pinki baada ya saa moja, pinki asubuhi. Na wanuka jakuzi la fundi!

Mtungi wa kisima: dakika chache za mwanzo haukuwa na rangi kabisa, na ulikuwa na ukungu mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Halafu ukashika pinki, na asubuhi ni sawa na ule wa bahari.

Muuzaji alikuja nikampanga mbele ya mitungi mitatu. Akaitazama. Akasema simu yake yalia.

Pia nilipeleka maji ya kisima maabara. Kloridi 1,150.

BintiKibokoni
Ule ukungu mweupe ni salfa. Gesi ya mayai ilikuwa yaila ozoni yote kwanza, ndiyo maana pinki ilichelewa. Gesi ilipokwisha, zamu ya bromidi ikafika.

1,150 kwa 290 ni karibu miligramu 4 za bromidi kwa lita. Nimekaa na kalamu: kwa bromidi hiyo peke yake, nusu ya ozoni huondoka kwa kama sekunde 90. Kwenye maji matupu ya bahari ni sekunde tano hivi. Mtu asikuambie tena habari za kulala usiku.

fundi_bwawa
Na TDS yake ya 260? Mimi najua membreni za RO zachukia klorini, ndiyo maana huwekwa filta ya mkaa mbele.

BintiKibokoni
Umejijibu. Membreni nyingi za RO ni za polyamide, hazivumilii klorini, na bromini wala ozoni hazina huruma zaidi. Usiku kucha maji yenye bromini yalikaa tangini, asubuhi yakasukumwa kwenye membreni. Wiki tisa! Zinatoboka taratibu na chumvi yapita. Filta ya mkaa yako ni ya lini, ami?

mja_wa_bamburi
Tuseme ni ya zamani.

BintiKibokoni
Nilikuwa naliahirisha jambo moja, lakini sasa lazima nilitaje. Ozoni ikiendelea kuipiga ile bromini, haiishii hapo. Mara nyingi, kama mara tatu kati ya nne, bromini yarudi kuwa bromidi na ozoni imekwenda bure. Ile mara ya nne yasonga mbele na mwisho wake ni bromati. Bromati haina harufu wala rangi, haiondoki kwa kuchemsha, na mkaa wa kawaida hauishiki vya kutegemewa. Wataalamu wa saratani wa IARC wameiweka kundi la 2B, yaani huenda yaleta saratani kwa binadamu, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 10 tu kwa lita.

Hili si la maduka madogo peke yake. Machi 2004 kampuni ya Coca-Cola iliondoa sokoni Uingereza chupa kama nusu milioni za maji ya Dasani. Maji yalitoka bombani karibu na London, yakasafishwa, yakaongezwa kalsiamu kloridi kwa ajili ya madini, na ile kalsiamu ilikuwa na bromidi ndani yake. Kisha yakapigwa ozoni. Bromati ikavuka 10. Walikuwa na maabara, walikuwa na wahandisi, na bado kitu kidogo cha chumvi kiliwaponyoka.

mja_wa_bamburi
Mwalimu sikufichi, hapa nimekosa usingizi. Watu wamekunywa maji yangu wiki tisa. Wanangu pia.

BintiKibokoni
Kiwango hicho kimewekwa kwa mtu anayekunywa maji hayo maisha yake yote, si wiki tisa. Na RO huzuia bromati kama izuiavyo chumvi nyingine, kwa hiyo iliyopita ni sehemu ndogo, ingawa membreni zako zimechoka. Usiwatie watu hofu. Lakini usiiwashe tena hapo ilipo, badilisha membreni, osha tangi. Kisha peleka maji ya mtungi kwenye maabara yenye kupima bromati, uliza kabla hujabeba chupa, si kila maabara inayo mashine hiyo.

mtu_wa_mashine
Basi ozoni iwekwe baada ya RO, bromidi ikiwa imeshatolewa. Nice kule Ufaransa wametumia ozoni tangu 1906, Milwaukee Marekani waliikimbilia baada ya ule ugonjwa wa kuharisha wa 1993, ulioletwa na maji ya bomba, uliougusa watu laki nne. Msiifanye sumu.

BintiKibokoni
Nakubaliana nawe kwa hilo la mwisho. Kwa vijidudu vyenye ganda gumu kama vile vya Milwaukee, klorini hushindwa na ozoni hufanya kazi. Kwa joto la nyuzi 25, viwango vya Marekani vinataka mkusanyiko mara muda wa 0.48 tu kuua Giardia (kijidudu kingine cha kuharisha) elfu moja ibaki moja, yaani miligramu 0.48 kwa lita ikikaa dakika moja. Ni silaha. Swali ni kuielekeza wapi.

Baada ya RO ni afadhali sana kuliko kabla, sikatai. Maji hayo yana tindikali kidogo, na kwenye pH ya chini bromini hujifunga katika umbo ambalo ozoni haiigusi, bromati yapungua. Lakini piga hesabu. RO nzuri yatoa tuseme asilimia 95 ya bromidi. Miligramu 4 yabaki 0.2, ambayo ni mikrogramu 200. Kufikia bromati 10 yahitajika bromidi mikrogramu sita na kitu tu. Asilimia tatu ya kilichobaki! Hapo mwenye duka anaenda kwa kubahatisha, bila maabara ya kumwambia amevuka au la.

mzee_wa_tudor
Tusizunguke. Tatizo la kijana lilikuwa mayai viza, si vijidudu. Mayai viza hutolewa kwa hewa, bure. Zamani tulikuwa twamwaga maji kutoka juu kwenye sinia zenye matundu, tatu au nne, moja chini ya nyingine, yanaanguka kama mvua. Gesi yaruka yenyewe. Tangi liwe na tundu la hewa lenye wavu wa mbu, liwekwe nje, majirani wakilalamika harufu siku mbili waombe radhi. Halafu filta, halafu RO, halafu taa ya UV (mwanga usioonekana unaoua) mwishoni kwa vijidudu. Taa haigusi bromidi yako.

Ubaya wa taa ni mmoja, na ozoni pia inao: haiachi ulinzi wowote kwenye mtungi. Mtungi mchafu utachafua maji masafi. Kuosha mitungi ndiyo kazi ya kijana wako, akishapona kikohozi.

mja_wa_bamburi
Babu nimetengeneza hizo sinia kwa mabeseni ya plastiki, nimetoboa kwa msumari wa moto. Leo siku ya tano. Mke wangu alinusa mtungi, akanyamaza, akanywa. Kwangu hiyo ni maabara tosha kwa upande wa harufu. Bromati nasubiri majibu. Membreni nimeagiza, sitaki kusema bei, nina presha.

Mashine ya ozoni naiuza. Mwenye kisima cha bara, chenye kloridi kidogo, anifuate pembeni. Wa pwani nitamkatalia.

chizi_wa_likoni
Mchicha?

fundi_bwawa
Mimi mwenzenu nimekaa kimya tangu juzi kwa sababu. Pool yetu yajazwa kwa kisima cha hoteli, chumvi kama ya ami. Mwaka jana meneja alileta ozoni ili tupunguze klorini. Nikapunguza, nikapunguza tena, na DPD yangu haijawahi kushuka. Nikasifiwa mkutanoni kwa kuokoa pesa.

Kesho asubuhi kabla wageni hawajaamka napeleka chupa ya kisima kupimwa kloridi. Mwalimu, nitakuja na namba, uishike kalamu.